Kondoo wa Doha na banda la mdogo wangu

 Najua nimeadimika, na wengine mmeshaanza kusema nimemezwa na Waarabu. Sijamezwa. Nilikuwa na wiki tatu za zamu ya usiku mfululizo, na anayefanya zamu ya usiku mwulize hata siku ya juma, hajui. Leo nina mapumziko, nimepika wali wa nazi (nazi ya kopo, msinicheke), nimekaa dirishani, na nina jambo la kuwaeleza.

Jambo lenyewe mnalijua. Mdogo wangu ameomba nitume pesa aongeze vifaranga. Banda lile lile nyuma ya nyumba ya mama pale Tanga, upana mita 5, urefu mita 6, anataka liingie kuku wa nyama 600 ili wawahi sikukuu. Mimi nimesita. Tangu nisite, kila simu ninayopiga nyumbani nasikia kwamba dada siku hizi amekuwa mgumu, Doha imemfunga mkono. Shangazi amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Sasa badala ya kujibu mmoja mmoja, nimeona niandike hapa wote msome kwa pamoja, na mama asomewe kwa sauti. Nitajibu kwa historia, kwa sababu jambo hili si geni duniani. Watu wameshalifanya kwa kuku, kwa kondoo, hata kwa wagonjwa, na matokeo yake yanajulikana.

Nianze na huku niliko. Wengi mnadhani Doha ni jangwa lenye joto kavu. Joto kavu lina nafuu yake. Kibaya ni mwezi wa nane, upepo unapotoka baharini ukiwa umebeba unyevu. Ukitoka nje usiku miwani inaingia ukungu palepale, nguo zinakuganda, na jasho halikauki. Nasi wauguzi tunajua kwamba jasho linapoza mwili pale tu linapokauka. Lisipokauka, mwili unaendelea kuchemka ndani hata kama umelowa chapachapa. Ndiyo maana vipimo vya hatari ya joto havitegemei kipimajoto cha kawaida peke yake. Kinatumika pia kile kinachofungwa kitambaa kibichi, ambacho kinaonyesha kama hewa bado ina nafasi ya kupokea jasho. Tangu 2021 sheria ya Qatar inakataza kazi za nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, na kipimo cha pamoja cha joto, unyevu, jua na upepo kikizidi 32.1, kazi isimame saa yoyote ile. Hiyo ni kwa binadamu.

Sasa tuje kwa kondoo. Nilipofika nilishangaa wingi wa nyama ya kondoo. Kwa miaka mingi serikali hapa ilikuwa inachangia bei ya kondoo wa Australia ili mwananchi aipate kwa bei nafuu, hadi ruzuku hiyo ikaja kuondolewa. Kondoo hao walikuwa wanakuja wazima kwa meli kutoka Fremantle, magharibi ya Australia, safari ya wiki mbili au tatu. Biashara hii ilipanuka sana miaka ya 1970, mafuta yalipoleta pesa Ghuba. Meli moja ilikuwa inabeba kondoo 50,000, 60,000 au zaidi, ghorofa juu ya ghorofa. Hebu fikirieni uwanja wa Mkwakwani uliojaa, halafu mjaze tena na tena, halafu muuelee baharini.

Agosti 2017 meli iitwayo Awassi Express iliondoka Fremantle ikiwa na kondoo 63,804, ikielekea Qatar, Kuwait na Falme za Kiarabu. Ilipoingia kwenye joto la Ghuba, kondoo 2,400 walikufa. Ndani ya meli hiyo alikuwamo baharia kijana kutoka Pakistan, mwanafunzi wa kazi, akawa anapiga picha za video kwa simu yake. Picha hizo zilionyeshwa kwenye televisheni ya Australia Aprili 2018. Kondoo wamesimama wamebanana, midomo wazi, ndimi nje, wanahema kama waliokimbizwa. Chini ni mchanganyiko wa kinyesi na mkojo uliogeuka tope. Aliyeanguka hainuki tena, kwa sababu hakuna nafasi ya kunyanyukia.

Nilipoziona mara ya kwanza nilikuwa chumba cha chakula kazini, tena nina sahani ya nyama ya kondoo mbele yangu. Sitawaambia uongo kwamba niliacha kula. Nilimaliza. Lakini swali lilinibaki: kwa nini walikufa hawa, wakati maji walikuwa nayo, chakula walikuwa nacho, na feni zilikuwapo?

Jibu liko kwenye hesabu ya nafasi. Kondoo mmoja ni jiko. Anatoa joto, anatoa mvuke kwa pumzi, anakojoa. Akiwa peke yake uwandani hewa inavichukua vyote. Wakiwa 60,000 ndani ya chuma, kila mmoja anampasha jirani yake, na hewa inayofika kwa wa katikati imeshapita kwa wenzake ikiwa ya moto na yenye maji. Kondoo hapozwi sana na jasho, anapozwa kwa kuhema, na kuhema nako kunahitaji hewa iliyo tayari kupokea unyevu. Tena meli ikiwa inatembea, ghorofa za wazi zinapata upepo. Ikisimama bandarini, upepo unakata. Hapo kila kondoo wa ziada aliyepakiwa Fremantle anaonekana kazi yake.

Kilichonitisha zaidi ni kitu kingine. Wakati ule kanuni ya Australia ilikuwa kwamba vifo vya kondoo vikifika asilimia 2 ya safari ndipo uchunguzi ufanyike. Maana yake meli ya kondoo 60,000 ingeweza kupoteza 1,000 na karatasi zikasema safari ilikuwa nzuri. Mwenye meli analipia mafuta na mabaharia wale wale, awe amebeba 50,000 au 60,000. Kwa hiyo kondoo wa ziada ni kama faida ya bure, na wachache wanaokufa wanaingizwa kwenye gharama kama magunia yaliyotoboka. Na wale asilimia 96 waliofika wanahesabiwa kuwa salama, hata kama walikaa siku nzima ndimi nje.

Hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1980 meli ya Farid Fares ilishika moto na kuzama na kondoo zaidi ya 40,000. Agosti 2003 Saudi Arabia iliikatalia meli ya Cormo Express iliyokuwa na kondoo zaidi ya 57,000, ikidai wana vidonda vya mdomo kupita kiwango. Australia ilikana, nchi moja baada ya nyingine ikaombwa iwapokee zikakataa, na meli ikazunguka baharini katika joto hadi Oktoba. Mwishowe mnajua nani aliwapokea? Afrika Mashariki yetu hii. Eritrea ilikubali, wakashushwa Massawa, wakiwa wameshakufa karibu 6,000.

Na msidhani ni mambo ya wageni tu. Pwani yetu ya Afrika ndiyo mfugaji mkubwa wa Ghuba. Somalia pekee mwaka 2014 ilisafirisha mifugo kama milioni 5, wengi wao kupitia Berbera na Bosaso. Juni 2022, pale Suakin nchini Sudan, meli ya Badr 1 ilikuwa inaelekea Saudi Arabia na kondoo zaidi ya 15,000. Maofisa wa bandari walisema ilikuwa meli ya kubeba 9,000. Haikufika hata bahari kuu. Ililala ubavu bandarini ikazama. Mabaharia waliokolewa wote, kondoo walio wengi wakafa maji. Mwenye mali alitaka 15,000 mahali pa 9,000. Mdogo wangu, unanisoma?

Baada ya zile picha za 2018, Australia ilimpa daktari wa mifugo Michael McCarthy kazi ya kuchunguza safari za majira ya joto. Mapendekezo yake mawili yalinigusa kama muuguzi. La kwanza, tusingoje kuhesabu maiti, tupime mateso ya joto kabla hawajafa. Ni sawa na wodini: huwezi kusema wodi ni nzuri kwa sababu wengi walitoka wazima. La pili, nafasi ya kila mnyama ikokotolewe kutokana na ukubwa wa mwili wake, aweze kulala na kunyanyuka. Baadaye kiwango cha vifo kikashushwa kutoka asilimia 2 hadi 1, na safari za katikati ya kiangazi kuja huku zikapigwa marufuku, huku Qatar ikiwekewa kipindi kirefu zaidi kwa ajili ya hili joto letu. Julai 2024 bunge la Australia lilipitisha sheria ya kukomesha kabisa kusafirisha kondoo wazima kwa bahari ifikapo Mei 1, 2028. Wafugaji wa kule wamelia sana, na kilio chao ni cha kweli, kwa sababu ni riziki yao. Lakini biashara ilijiponza yenyewe.

Haya, tuje kwa kuku, maana najua mtasema kondoo na kuku wapi na wapi.

Ufugaji wa kuku wa nyama kwa wingi una mwanzo wa kuchekesha. Mwaka 1923, jimbo la Delaware kule Marekani, mama mmoja aitwaye Cecile Steele aliagiza vifaranga 50, akaletewa 500 kwa makosa. Badala ya kurudisha akawafuga, akawauza kwa faida nzuri. Mwaka uliofuata akafuga 1,000, na kufikia 1926 alikuwa na 10,000. Majirani wakaiga, na dunia nzima ikafuata. Kwa hiyo mdogo wangu una ndugu yako Delaware. Ila yeye alipoongeza kuku, aliongeza na mabanda.

Waliofuata hawakuongeza mabanda kwa kasi hiyo hiyo. Mwaka 1964 mwanamke wa Uingereza, Ruth Harrison, alitoa kitabu kuhusu wanyama wanaofugwa kama mashine, watu wakashtuka. Serikali ikaunda kamati ya Profesa Brambell, nayo mwaka 1965 ikasema jambo dogo sana: mnyama awe angalau na nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Umoja wa Ulaya ulichukua hadi 2007 kuweka sheria ya kuku wa nyama: kilo 33 za kuku kwa mita moja ya mraba, ikiruhusiwa kupanda hadi 39 au 42 kwa masharti makali ya hewa na joto. Batamzinga maskini hawakupewa sheria yao ya namna hiyo, ingawa watafiti wameona kwamba wakibanana hukua polepole, miguu huharibika, nyayo huwa na vidonda na kifua hubabuka.

Lakini nisiwadanganye kwamba namba ndiyo kila kitu. Mwaka 2004 Marian Dawkins wa Oxford na wenzake walichapisha utafiti mkubwa wa kuku milioni 2.7 kwenye makampuni kumi. Waligundua kwamba hali ya banda, yaani hewa, unyevu na matandazo, ilikuwa na uzito zaidi kuliko idadi ya kuku yenyewe. Ukiishia hapo utashangilia. Endelea kusoma: kwenye msongamano wa juu kabisa, kuku walisukumana zaidi, walitembea vibaya zaidi na walikua polepole zaidi. Kwa hiyo yote mawili ni kweli. Anayeweza kuleta hewa kavu na ya baridi anaweza kubeba kuku wengi kidogo. Asiyeweza, ndiyo kwanza apunguze.

Sasa kalamu na karatasi. Banda letu ni mita za mraba 30. Vifaranga 600 siku ya kwanza wana gramu kama 40 kila mmoja, jumla kilo 24. Banda linaonekana tupu! Ndipo mtu anapodanganyika. Wakifika kilo 2 kila mmoja, ni kilo 1,200 ndani ya nafasi ile ile, yaani kilo 40 kwa kila mita ya mraba. Ulaya kiwango hicho kinataka mitambo ya feni na vipimo vya hewa. Sisi tuna madirisha mawili ya wavu, bati lisilo na dari, na umeme wa kuja na kwenda. Kuku anakunywa maji karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na mengi yake yanarudi kwenye maranda na kwenye pumzi. Wiki ya tano ukifungua mlango macho yanawasha. Ile harufu si ya kawaida ya kuku kama tunavyozoea kusema. Ni hewa iliyokosa pa kwenda.

Na hapa nakumbusha lile tusilopenda kulisema. Februari mwaka jana banda lilikuwa na kuku 450. Mchana mmoja walikufa 80. Wengine mlisema kideri, wengine mkasema jicho la jirani, hadi mama akaacha kusalimiana na watu ambao amekaa nao miaka 30. Mimi niliuliza maswali kwa simu kama ninavyomuuliza mgonjwa. Walianza kuumwa lini? Hawakuumwa, asubuhi walikula vizuri. Walikufa saa ngapi? Kati ya saa 7 na saa 10. Wapi? Katikati ya banda. Wakubwa au wadogo? Wakubwa. Mdomo? Wazi. Kesho yake walikufa wangapi? Wawili. Ndugu zangu, kideri hakiui kwa saa tatu kisha kikaondoka. Hao walikufa kwa joto. Jirani hana kosa, na namuomba mama, kwa heshima zote, aende akamwamkie.

Mdogo wangu alisema 80 kati ya 450 si vibaya, 370 waliobaki ni wengi kuliko 300. Hiyo ndiyo hesabu ya mwenye meli. Lakini wale 80 walikuwa wameshakula wiki tano, na wanaokufa kwa joto huanza na wale wazito, ambao ndio pesa. Waliobaki walikuwa wepesi, na mnunuzi akawashusha bei.

Sisi wauguzi somo hili tulipewa mapema. Wakati wa vita vya Crimea, Februari 1855, katika hospitali ya Scutari walikufa wagonjwa 42 kati ya kila 100. Machi ikaja tume ya usafi, ikazibua mifereji, ikafungua hewa, msongamano ukapungua. Kufikia Juni walikufa 2 kati ya 100. Florence Nightingale alipokaa chini baadaye na kuandika kuhusu hospitali, alitaja sababu nne za wagonjwa kufa ambao wangepona: wengi mno chini ya paa moja, nafasi ndogo, hewa haba na mwanga haba. Soma orodha hiyo ukiwa umesimama mlangoni mwa banda letu.

Basi jibu langu ni hili. Pesa ya vifaranga 300 wa ziada kwenye banda hilo situmi. Si uchoyo. Hapa nina upatu na wauguzi wenzangu, Wakenya na Wafilipino, na zamu yangu ni mwezi ujao. Nikiupokea nitatuma pesa ya banda la pili, upana huo huo, lenye paa la kuinuka juu hewa ya moto itoke, na wavu pande zote mbili ndefu. Kuku 300 hapa, 300 pale, wapishane wiki tatu ili uuze mara mbili. Maafisa ugani wetu hushauri kuku kama 10 kwa mita ya mraba, na sisi tusizidi hapo. Miezi ya joto, Januari hadi Machi, tupunguze wawe 240. Sikukuu hii tutauza 300 tu. Najua inauma.

Mdogo wangu, nakujua, utanuna siku mbili. Nuna. Ya tatu nipigie, tupange mafundi. Nami ndugu zangu nitaendelea kula kondoo wa Doha, ila siku hizi nikimla huwa nakumbuka alivyosafiri.

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mama, nimetuma dawa ya presha kwa yule kijana anayerudi Ijumaa, usikose kumeza. Nawapenda wote, tuombeane uzima.